Kujifunza Kunyoa kwa Wembe wa Kukunja

Katika Kwamndolwa, kama katika vijiji vingine vya Korogwe na Handeni, kijana aotapo ndevu zake za kwanza hukuta njia tatu mbele yake. Aweza kwenda kwa kinyozi. Aweza kununua wembe mwembamba wa dukani na kuushika kwa vidole vitupu, jambo ambalo wengi hulifanya na wengi hujikata. Ama aweza kujifunza kutumia wembe mrefu wa kukunja, wenye mpini unaofunika makali yake. Njia hii ya tatu ndiyo tutakayoieleza hapa, maana mtu akiifahamu vema ataelewa habari za nyembe zote, hata ule mwembamba wa dukani.

Kunyoa si jambo geni katika nchi hii. Kabla ya nyembe za Ulaya kufika, wahunzi walifua nyembe kwa chuma, na Wapare, jirani zetu wa kaskazini, walikuwa na sifa kubwa kwa ufuaji wao. Mtoto mchanga hunyolewa nywele zake za kwanza. Wafiwa katika makabila mengi hunyolewa mwisho wa msiba. Mahujaji hunyoa vichwa Makka. Lakini katika mambo hayo yote mtu hunyolewa na mwenzake. Kujinyoa mwenyewe ni elimu nyingine, kwa kuwa mkono haukioni unachokifanya ila kwa kioo, na kioo hugeuza kulia kuwa kushoto. Hata Ulaya watu wengi zamani waliwategemea vinyozi. Mwaka 1769 fundi wa visu wa Paris, jina lake Jean-Jacques Perret, alitoa kitabu kizima cha kuwafundisha watu kujinyoa wenyewe. Basi mwanafunzi wa leo akiona kazi hii ni ngumu asione haya.

Nyembe za kukunja zilizosifiwa sana zilitoka Sheffield katika Uingereza na Solingen katika Ujerumani, miji miwili ya mafundi wa chuma cha pua. Wingi wake ulianza kupungua baada ya Mmarekani King C. Gillette kuuza mashine yake ya kunyolea yenye wembe wa kutupwa. Mwaka wa kwanza, yaani 1903, aliuza mashine 51 tu na nyembe 168. Lakini mwaka 1918 askari wa Marekani walipewa mashine hizo kwa ajili ya vita, nao waliporudi makwao hawakutaka tena wembe wa baba zao. Hata hivyo wembe wa kukunja haukufa, kwa kuwa ukitunzwa huishi kuliko mwenyewe.

Mwenye kununua wembe atazame kwanza ncha yake. Iko ncha ya pembe kali na iko ncha ya mviringo. Anayeanza achukue ya mviringo, kwa maana ile ya pembe huchoma sikio na pua kabla mtu hajajua. Upana wa kumfaa ni sehemu tano au sita katika nane za inchi. Kisha aulaze wembe juu ya kioo: mgongo na makali yote mawili yaguse kioo toka mwanzo hata mwisho. Ukiyumba, umepinda, asiununue hata akipunguziwa bei.

Sasa habari ya kunoa, ambayo ndiyo nusu ya kazi yote. Wengi husema wembe ni mbaya, kumbe haukunolewa. Jiwe linolealo panga halifai kabisa. Litayafanya makali kuwa kama meno ya msumeno. Wembe hutaka kinoo laini sana. Mawe ya dukani hupewa hesabu kwa ulaini wake: la 1000 ni la kutengeneza makali yaliyoharibika, la 4000 ni la kati, na la 8000 au zaidi ndilo la kumalizia. Wembe hulazwa bapa juu ya jiwe lenye maji, mgongo na makali pamoja, bila kukandamizwa. Kazi hii hufanywa mara chache kwa mwaka, na anayeanza ni afadhali ampe fundi aijuaye, aangalie kwa macho yake.

Lakini ukanda wa ngozi hutumika kila siku ya kunyoa, nao hapana wa kumfanyia mtu ila mwenyewe. Mkanda mpana wa ngozi ya ng'ombe, usio na nakshi wala mikunjo, wafaa. Ufunge msumarini, uushike upande wa pili, uuvute hata unyooke. Hapa ndipo wanafunzi wengi hukosea: juu ya jiwe makali hutangulia, bali juu ya ukanda mgongo hutangulia na makali hufuata nyuma. Mwenye kusahau atakata ukanda wake, na makali yataharibika vilevile. Ufikapo mwisho, ugeuze wembe kwa mgongo wake, usiugeuze kwa makali, kisha urudi. Mara thelathini kwenda na kurudi zatosha. Polepole, mbio za kinyozi hodari zilianza kwa polepole.

Kuujua ukali wake, usipitishe kidole gumba juu ya makali. Shika unywele mmoja, uuguse kwa wembe. Ukikatika wenyewe, wembe uko tayari.

Kabla ya kuuweka usoni, mwanafunzi na azoeze mkono wake kwa wiki nzima kwa kijiti bapa cha mwanzi chenye urefu wa wembe. Ajipake povu, asimame mbele ya kioo, alifute povu lile lote kwa kijiti, shavu la kulia kwa mkono wa kulia na la kushoto kwa mkono wa kushoto au kwa kupitisha mkono mbele ya uso, kama aonavyo vyepesi. Vinyozi wengine hujifunzia puto lililopulizwa na kupakwa povu: likipasuka, mkono bado. Wazee husema mwana akililia wembe, mpe. Maneno hayo yana hekima yake, lakini katika jambo hili tungependa mwana apewe kwanza mwanzi.

Siku ya kunyoa ikifika, osha uso kwa maji ya moto kiasi cha kuvumilika, au weka kitambaa kilichochovywa humo kwa dakika mbili au tatu. Ndevu kavu ni ngumu ajabu. Zikinywa maji hulegea na kukatika bila kuvutana. Kisha paka povu zito kwa brashi. Sabuni ya kufulia haifai, kwani ukali wake hukausha ngozi na povu lake hutoweka upesi.

Ushike wembe vidole vitatu vikiwa juu ya shina lake, kidole cha mwisho juu ya kile kipande kilichopindika kama mkia, na gumba chini. Ulaze bapa shavuni, kisha uinue mgongo wake kidogo hata pembe iwe kadiri ya digrii 30, yaani theluthi ya pembe mraba. Ukiulaza mno, utavuta ndevu. Ukiuinua mno, utakwangua ngozi. Mkono usiutie nguvu, uzito wa wembe watosha. Nyoa kwa kufuata ndevu zinavyolala, mapito mafupi ya inchi moja, futa povu, endelea.

Na hili ndilo kubwa kuliko yote: wembe uende mbele kwa upana wake tu, kamwe usiende kwa ubavu kama kisu kikatacho mkate. Makali yaleyale yanayopita juu ya ngozi bila kudhuru, yakivutwa kwa urefu wake hata kidogo tu, huingia ndani ya nyama. Majeraha mengi ya wanaoanza hutokana na jambo hili, nao hudhani mkono wao ulitetemeka.

Siku ya kwanza nyoa mashavu mawili tu, sehemu zilizobaki umalizie kwa njia uliyoizoea. Mashavu yakiwa salama kwa mara tano au sita, ongeza taya, kisha shingo. Juu ya mdomo na kidevu viwe vya mwisho, kwa kuwa kidevu kina mviringo na ndevu zake hulala huku na huku. Shingoni, meza mate ili kikoromeo kipande, uvute ngozi yake pembeni kidogo, upitishe wembe mahali palipo bapa.

Hapa yatupasa kusema neno ambalo vitabu vya Ulaya havilitilii mkazo, kwa kuwa viliandikiwa watu wenye ndevu zilizonyooka. Ndevu zetu ni za kujikunja. Unywele wa namna hii ukikatwa chini sana, ncha yake hubaki kali kama mwiba, nao ukiota hujikunja na kuichoma ngozi upya, au hauwezi kutoka kabisa. Hapo huzaliwa vile vipele vya shingoni na tayani ambavyo vijana huvidhania ni uchafu, au uchawi, na wengine huvikwangua kwa wembe na kuvizidisha. Vitabu hivyo husema uvute ngozi kwa nguvu, upite mara tatu, na mara ya mwisho uende kinyume cha ndevu ili uso uwe laini kama wa mtoto. Mtu mwenye ndevu za kujikunja asifuate shauri hilo. Aivute ngozi kiasi tu cha kuondoa mikunjo, apite mara moja au mbili kwa kufuata ndevu, na aridhike na uso ambao mkono ukiupapasa waona ukwaruzo mdogo. Asinyoe kila siku kama kazi yake haimlazimishi. Vipele vikisha kuwa vingi, aache wembe majuma kadhaa hata vipoe. Vikitunga usaha, aende zahanati.

Wembe na uwe wa mtu mmoja. Twajua desturi ya ndugu au wafanyakazi wa shamba kutumia wembe mmoja, na katika misiba kunyoa vichwa vingi kwa wembe uleule. Damu isiyoonekana kwa macho yatosha kuambukiza. Virusi vya homa ya ini aina ya B vyaweza kukaa nje ya mwili kwa siku saba na bado vikadhuru. Na UKIMWI, ambao wagonjwa wake wa kwanza katika Tanzania walitambuliwa Kagera mwaka 1983, huweza kupita kwa damu iliyo juu ya makali. Wembe mtupu wa chuma waweza kuchemshwa dakika 20 ukawa salama kwa maradhi hayo mawili. Lakini wembe wa kukunja wenye mpini wa pembe au plastiki hauvumilii kuchemshwa, mpini hupinda. Kuupangusa kwa spiriti ni jambo jema kwa mwenyewe, bali kusiwe ruhusa ya kumwazima jirani. Kinyozi wa watu wengi atumie mpini ambao hutiwa nusu ya wembe wa dukani, na kila mteja auone wembe mpya ukifunguliwa karatasi yake mbele yake. Mteja asiyeuona anayo haki ya kuuliza, wala kinyozi mwema hakasiriki.

Kuhusu pepopunda, watu husema kutu ndiyo iletayo. Si kutu. Vijidudu vyake hukaa udongoni na katika mavi ya wanyama, na mbegu zake hustahimili hata maji yanayochemka. Kinga yake ni chanjo.

Ukijikata, usipake majivu wala buibui. Osha kwa maji safi, bana kwa kitambaa safi dakika chache bila kufunuafunua, kisha gusa kwa kipande cha shabu kilicholowa maji. Kitauma kidogo, na damu itakoma. Shabu hiyo nayo iwe yako peke yako.

Ukimaliza, osha wembe, upanguse kuanzia mgongoni kuelekea kwenye makali, wala usipanguse kwa kufuata urefu wa makali. Upitishe mara chache juu ya ukanda, uache wazi hata ukauke kabisa, ndipo uukunje. Miezi ya masika, Machi hata Mei, unyevu wa bonde la Pangani huleta kutu kwa usiku mmoja. Paka mafuta mepesi ya cherehani, uufunge katika kitambaa kikavu, uuweke juu ya kabati ambako mkono wa mtoto haufiki.