Fundisho: Mtu Alipaye na Neno la Kukubali

Tusomapo Mwanzo sura ya 38 twazoea kumtazama Tamari. Mwezi huu tumtazame Yuda. Alimwona mwanamke kando ya njia, akapatana naye ujira wa mwana-mbuzi, akaweka rehani muhuri wake na fimbo yake. Miezi mitatu baadaye akaamuru mwanamke huyo huyo atolewe ateketezwe. Hakujihesabu kuwa na sehemu katika jambo lile, mpaka vitu vyake mwenyewe vilipoletwa mbele yake.

Hata leo, ukiuliza habari za madanguro huko Kinondoni au Temeke, utaambiwa habari za wanawake tu. Kanuni ya Adhabu, ikitaja wazururaji, yamtaja kahaba asimamaye barabarani kutafuta wateja. Mteja hatajwi pale. Naye ana udhuru wake: "Sikumlazimisha. Tulipatana bei, akakubali, nikalipa."

Akubaliye ni yule awezaye kukataa. Mfikirieni msichana aliyetolewa kijijini, tuseme Singida au Iringa, kwa ahadi ya kazi ya nyumbani. Afikapo Tandale au Tandika hana nauli ya kurudi, simu yake imeshikwa, naye adaiwa nauli, chakula na kitanda na yule aliyemleta. Akiingia mwanamume mwenye fedha, msichana atasema ndiyo. Hata kucheka atacheka, kwa kuwa ameagizwa. Na fedha ile yaenda kwa nani? Kwa yule aliyemfunga. Basi mteja si mpita njia. Ndiye alipaye gharama za kifungo hicho.

Itifaki ya Palermo ya mwaka 2000 haiihesabu ridhaa iliyopatikana kwa vitisho, kwa hila, au kwa kuutumia unyonge wa mtu. Na kwa mtoto wa chini ya miaka 18 hata vitisho havihitaji kuthibitishwa. Tanzania ilitunga sheria yake ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu mwaka 2008. Tena tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998, apataye ridhaa kwa nguvu au vitisho amebaka, na mtu mzima hufungwa si chini ya miaka 30. Kulipa si udhuru.

Wako pia wanawake watu wazima wasiofungwa na mtu, watafutao kodi ya chumba na ada ya watoto. Tusiwaite wote mateka. Wengi wao hulikataa jina hilo, nao wayajua maisha yao kuliko sisi. Lakini ndiyo yao ina mipaka. Aliyekubali kwa kinga hakukubali bila kinga. Aliyemkubali mmoja hakuwakubali rafiki wawili wangojao nje. Akisema basi, ni basi, ijapokuwa fedha imekwisha kutolewa. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch liliandika habari za wanawake wa kazi hii nchini Tanzania waliobakwa, wengine na polisi wenyewe. Mteja mkorofi ajua vizuri kwamba mwanamke huyu aogopa kwenda kushtaki, na ujasiri wake watoka hapo.

Kwa hiyo, walimu, mwanamume ajapo kuungama, msimwulize juu ya uzinzi peke yake. Mwulizeni: Umri wake uliujua? Fedha aliipokea nani? Mlango ulifungwa kutoka upande gani? Uliona alama za kipigo, ukanyamaza? Akijibu kwamba hakuuliza, mwulizeni kwa nini hakutaka kujua. Na kama aijua nyumba ambamo mtoto amezuiliwa, asingoje Jumapili. Simu ya watoto ni 116, nayo haina malipo.