SOMO LA MWEZI: SHAMBA LILILONUNULIWA KIFUNGONI

Yasomwe kwanza: Yeremia 32:6-15 na 24-27, Warumi 8:24-25.



Mwezi huu twataka kujifunza pamoja habari ya kungoja. Hakuna nyumba isiyolijua jambo hili. Katika mtaa wetu wa Gerezani, hapa Dar es Salaam, twawaona wangojao kila siku: fundi wa vyuma aliyeketi mbele ya kibanda chake tangu alfajiri, wala hajapata kazi, mama asiyesikia habari za mwanawe aliyesafiri, kijana aliyemaliza masomo, na miaka yapita hajaajiriwa, mume na mke waliomwomba Mungu mtoto hata wakachoka kuomba. Watu hawa huja ibadani, na baada ya ibada huwauliza wainjilisti wetu: Je, Mungu ametusahau? Si vema tuwajibu kwa neno moja tu, "Subirini," kisha twende zetu. Na tulitazame Neno la Mungu, tupate kujua ni subira ya namna gani tunayoitiwa.

1. Majina ya mahali petu

Jina la Gerezani latoka katika neno gereza. Wajuzi wa lugha husema ya kuwa neno hili lilitoka kwa Wareno, ambao kwao igreja ni kanisa. Wareno walijenga makanisa ndani ya ngome zao. Baadaye ngome zikawa mahali pa kufungia watu, kama Ngome ya Yesu ya Mombasa, iliyotumika kuwa gereza tangu mwaka 1895 hata mwaka 1958. Hivyo neno lililokuwa jina la nyumba ya sala likawa jina la nyumba ya wafungwa.

Na jina la jirani yetu, Kariakoo, limetoka katika jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi, waliokuwa na kambi pale wakati wa vita ya 1914-1918. Watu wale walichukua mizigo ya vita isiyokuwa yao. Maelfu kwa maelfu walikufa njiani kwa njaa na maradhi, na huko vijijini mama zao na wake zao wakawangoja watu wasiorudi.

Basi sisi tukaao hapa, hata majina ya mitaa yetu yatukumbusha kifungo na mzigo. Nayo ndiyo mambo mawili yamlemeayo mtu angojaye: haoni mlango wa kutokea, wala mzigo wake haupungui.

2. Nabii aliyefungwa

Nabii Yeremia naye alikuwa kifungoni, katika uwanda wa walinzi wa mfalme Sedekia. Jeshi la Babeli lilikuwa limeuzunguka mji wa Yerusalemu. Njaa ilikuwa ndani, upanga ulikuwa nje. Ndipo akaja Hanameli, mwana wa amu yake, akamtaka anunue shamba lake lililoko Anathothi. Tufikiri jambo hili kama watu wa sokoni tujuao bei ya vitu. Nani anunuaye shamba wakati adui amekwisha kuizunguka nchi? Mfanya biashara yeyote wa Kariakoo angesema ya kuwa hiyo ni hasara tupu.

Lakini Bwana alimwagiza, na Yeremia akanunua. Akapima shekeli 17 za fedha, akaandika hati, akaitia muhuri, akaweka mashahidi. Kisha akampa Baruku hati zile mbele ya watu wote, akamwambia azitie katika chombo cha udongo zipate kukaa siku nyingi. Kwa nini? Kwa sababu Mungu alikuwa ameahidi ya kuwa siku moja watu watanunua tena nyumba na mashamba katika nchi ile.

Tazama, hiyo ndiyo subira ya imani. Yeremia hakuweza kuufungua mlango wa kifungo chake, wala hakuweza kulifukuza jeshi la Babeli. Lakini palikuwa na jambo moja dogo aliloweza kulitenda kwa kuitegemea ahadi, akalitenda. Mwenye kukata tamaa hungoja mikono mitupu. Mwenye kutumaini hungoja huku akiitenda kazi ya leo kwa ajili ya siku asiyoiona bado.

3. Nabii aliyeuliza

Wala tusidhani ya kuwa Yeremia hakuwa na mashaka. Mara baada ya kuitoa hati ile, alimwomba Mungu, akamweleza waziwazi: Boma za adui zimefika mjini, nawe waniambia ninunue shamba! Mungu hakumkemea kwa kuuliza hivyo. Alimjibu kwa kumwuliza kama liko neno lo lote lililo gumu kwake.

Wainjilisti na wazee wa usharika walishike jambo hili. Mtu aliaye mbele za Mungu kwa sababu amengoja mno, huyo hajaiacha imani. Mtu wa kuhofiwa ni yule aliyekwisha kunyamaza, asiomtazamia Mungu tena, akatafuta njia ya mkato: akatoa rushwa, au akaenda kwa mganga usiku watu wasimwone. Tumfundishe anayelia aendelee kumlilia Mungu, wala tusimfunge kinywa.

4. Nani aliyekula matunda?

Wazee wetu walisema, "Mvumilivu hula mbivu." Ni methali njema, na mara nyingi imethibitika. Lakini Neno la Mungu latupeleka mbele zaidi. Yeremia hakula matunda ya shamba lile. Mji ulianguka, na mwisho wa habari zake twasoma ya kuwa alichukuliwa mpaka Misri. Je, fedha yake ilipotea?

Fungua Ezra 2:23. Hapo wamehesabiwa watu waliorudi kutoka uhamishoni, ukoo kwa ukoo, mji kwa mji. Katikati ya majina mengi, ambayo sisi twazoea kuyaruka tusomapo, umo mstari mfupi sana: watu wa Anathothi, 128. Ahadi ilitimia. Waliorudi hawakuwa wale waliomwona Yeremia akipima fedha, bali wengi walikuwa watoto na wajukuu wao. Mvumilivu alipanda, na mwingine akala mbivu. Naye Mungu alikuwa mwaminifu kwa wote wawili.

5. Kanisa lililongoja

Jambo kama hili lilitokea katika nchi yetu wenyewe. Waingereza walipoingia Dar es Salaam mwaka 1916, wamisionari wa Kijerumani waliondolewa, na sharika zikaachwa kama yatima. Kanisa la Azania Front, lililokamilika mwaka 1902, lilikuwa bado limesimama karibu na bandari, lakini wengi walidhani ya kuwa kazi imekwisha. Haikwisha. Walimu na wazee Waafrika walisoma Neno, walifundisha watoto, walizika wafu, walikusanya watu Jumapili. Hawakujua watangoja muda gani. Mwaka 1925 Wajerumani waliruhusiwa kurudi. Kisha vita ikaja tena mwaka 1939, na sharika zikaachwa mara ya pili, na mara ya pili zikasimama.

Tarehe 19 Juni 1963 makanisa saba yaliungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanganyika, na Stefano Moshi akawa mkuu wake wa kwanza. Wengi katika walimu wale wa 1916 walikuwa wamekwisha kulala makaburini. Walikuwa wamenunua shamba. Sisi ndio watu wa Anathothi.

6. Tufanyeje basi?

Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 soko kuu la Kariakoo liliwaka moto, na mali nyingi ikateketea. Kulijenga upya kukawa kazi ya miaka, na wenye biashara wakangoja. Katika kungoja kama huko mtu hupata kujua moyo wake umeegemea juu ya nini. Kama tumaini letu ni meza ya sokoni, likiungua soko limeungua na tumaini. Lakini tumaini letu ni Kristo, aliyelala kaburini hata siku ya tatu, wakati wanafunzi wake wamejifungia ndani kwa hofu wasijue la kutazamia. Yeye alitoka, nasi tulibatizwa katika kufa na kufufuka kwake.

Kwa hiyo, wewe ungojaye, usijiulize tu, "Nitangoja hata lini?" Ujiulize pia, "Ni shamba gani niwezalo kulinunua leo?" Fundi asiye na kazi aweza kumfundisha kijana wa jirani ufundi wake. Mama amngojaye mwanawe aweza kumtembelea mwenzake aliye mgonjwa. Waliokosa mtoto waweza kumlea yatima, wala wasiache kuomba. Hayo hayafupishi siku za kungoja, lakini siku hizo hazitakuwa tupu. Na usharika usimwache mtu angoje peke yake. Hata Yeremia alikuwa na Baruku wa kuitunza hati.

Maswali kwa mafundisho ya juma

1. Kwa nini Yeremia aliambiwa azitie hati katika chombo cha udongo?
2. Kulia mbele za Mungu na kukata tamaa vyatofautianaje?
3. Je, yuko katika usharika wetu angojaye peke yake? Nani atakwenda kwake juma hili?

Na tuombe: Bwana, wewe wazijua siku zetu za kungoja na urefu wake. Utupe kutenda leo tuliloagizwa, na kukuachia wewe kesho. Ututunze hata siku ile utakapoyatimiza yote, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.