Zana Iliyofichika si Zana Iliyokosekana: Takwimu za Excel katika Utafiti wa Isimujamii

Utangulizi

Mtafiti wa Kiswahili aghalabu hukamilisha kazi ya nyanjani kwa ufanisi, kisha akakwama mezani. Kinachomkwamisha si uchache wa data, bali ni kitufe alichoelekezwa na kitabu ambacho hakionekani katika tarakilishi yake. Makala haya yanaeleza vyanzo vya tatizo hilo na namna ya kulitatua, kwa kurejelea programu ya Excel.

Mfano wa Mahoo

Mahoo ni wadi katika eneobunge la Taveta, Kaunti ya Taita Taveta, karibu na mpaka wa Kenya na Tanzania. Hapo Kiswahili hukutana na Kitaveta na lugha nyingine za majirani. Ichukuliwe kwamba mwanafunzi amerekodi masimulizi ya wazee 15 na vijana 15 wa Mahoo, akahesabu maneno ya Kitaveta yanayojitokeza katika kila maneno 1,000 ya msimulizi. Swali lake ni hili: je, tofauti ya wastani wa makundi haya mawili ina uzito wa kitakwimu, au yamkini imetokana na bahati ya sampuli? Jaribio la t ndilo linalofaa. Anafungua Excel, anatafuta kitufe cha "Data Analysis", hakioni.

Hapo vishawishi viwili humjia. Cha kwanza ni kuacha jaribio na kuandika kwamba tofauti "ni kubwa" kwa kukadiria kwa macho. Cha pili ni kumlipa mtu mwingine amfanyie uchanganuzi, kisha asimame mbele ya jopo kutetea hitimisho asilojua lilivyopatikana. Vyote viwili huidhoofisha tasnifu.

Vyanzo vya tatizo

Chanzo cha kwanza ni kwamba zana hiyo ni programu-jalizi iitwayo Analysis ToolPak. Huja pamoja na Excel ya tarakilishi, lakini hulala mpaka iamshwe. Katika toleo la 2010 na yaliyofuata, mtumiaji hubofya "File", kisha "Options", kisha "Add-ins". Sehemu ya chini, kando ya neno "Manage", huchagua "Excel Add-ins" na kubofya "Go". Hatimaye hutia alama katika kisanduku cha Analysis ToolPak na kubofya "OK". Kitufe hujitokeza upande wa kulia wa kichupo cha "Data".

Chanzo cha pili ni tofauti ya matoleo. Katika Excel ya 2003 zana hiyo ilikuwa chini ya menyu ya "Tools". Tangu toleo la 2007 ikahamia kichupo cha "Data". Anayefuata kitabu cha zamani hutafuta mahali pasipo.

Chanzo cha tatu ni kifaa chenyewe. Excel ya simu haina programu-jalizi hiyo, hata mtumiaji atafute namna gani.

Chanzo cha nne ni hali ya kazi. Endapo vitufe vinaonekana lakini vimefifia, huenda mtumiaji bado anahariri seli; abonyeze "Esc". Huenda pia lahakazi imelindwa, au lahakazi kadhaa zimeteuliwa kwa pamoja. Iwapo utepe mzima umetoweka, vitufe vya "Ctrl" na "F1" vikibonyezwa pamoja huurejesha.

Njia mbadala

Jaribio la t halitegemei kitufe hicho pekee. Iwapo takwimu za wazee zimo katika seli B2 hadi B16, na za vijana C2 hadi C16, fomula =T.TEST(B2:B16,C2:C16,2,3) hutoa thamani ya p. Tarakimu 2 huashiria jaribio la pande mbili. 3 huashiria makundi mawili huru ambayo mtawanyiko wake haudhaniwi kuwa sawa. Aidha, programu huria ya LibreOffice Calc ina zana za takwimu ndani ya menyu yake ya "Data", pasi na haja ya kuongeza chochote.

Tahadhari moja yafaa izingatiwe: matokeo ya Analysis ToolPak hayajibadilishi data inaporekebishwa. Mtafiti akisahihisha hesabu ya msimulizi mmoja, sharti alirudie jaribio. Fomula, kwa upande wake, hujisasisha yenyewe.

Hitimisho

Kabla ya kuamua kwamba programu ni mbovu, mtafiti ajiulize maswali manne: je, zana imeamshwa? Toleo ni lipi? Kifaa ni kipi? Hali ya kazi ikoje? Tatizo hili lina upande wa lugha pia, kwani majina ya vitufe yanapokuwa ya Kiingereza, msomaji wa Kiswahili hutafuta mara mbili: maana kwanza, mahali baadaye. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice na kudhihirisha kwamba menyu zinaweza kuzungumza Kiswahili. Ni wajibu wa wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili kuiendeleza kazi hiyo, hasa katika istilahi za takwimu, ili mtafiti wa Mahoo aielewe zana kama anavyoielewa data yake.