Kasoro ya Kompyuta na Haki ya Kurudisha: Somo la Muamala kwa Madarasa ya Juu

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Ndugu wanafunzi, wazazi na walezi, katika ukurasa wa fiqhi mwaka huu tumeona tusiende mbali kutafuta mfano. Tutaitumia kompyuta ya ofisi yetu, ile ambayo kila nyumba iliichangia, wengine kwa fedha taslimu na wengine kwa debe la alizeti baada ya mavuno. Wengi mmeuliza kwa nini matokeo ya muhula yalichelewa na kwa nini kompyuta mpya ilisafirishwa kipande kurudi Dar es Salaam. Tunaona ni haki yenu kujua, na ndani ya habari hiyo kuna somo zima la biashara.

Kompyuta hiyo tuliinunua katika duka moja la Kariakoo. Tulipewa risiti na karatasi ya dhamana, au waranti kama wengi wanavyoiita, ya miezi kumi na miwili. Katika mwezi wa tano, Rajabu mwaka jana, ikaanza kutoa sauti ndani yake, ko, ko, ko, kama mtu anayegonga mlango kwa kidole. Inafanya kazi nusu saa, inaganda, inazimwa, inawashwa, inaendelea. Sisi tuliokuwa na mitihani mbele yetu tukasema, "Acha tumalize kwanza." Tukaitumia hivyo hivyo wiki tatu. Siku ya kwanza ya Shaabani ikakataa kabisa kuwaka. Diski kuu, yaani kile kifaa kinachohifadhi kazi zote, ilikuwa imekufa.

Sasa tuingie katika fiqhi.

Wanafunzi wa darasa la tano wanakumbuka kwamba katika mlango wa biashara tunasoma habari za hiyari, yaani haki ya kuendelea na mauziano au kuyavunja. Ipo hiyari ya kikao, ambayo muuzaji na mnunuzi wanayo mpaka watakapoachana. Ipo hiyari ya sharti, ambayo kwa madhehebu ya Imam Shafi haizidi siku tatu. Na ipo hiyari ya aibu, ndiyo inayotuhusu leo. Aibu hapa si fedheha. Ni kasoro inayokipunguzia kitu thamani yake, au inayokiondolea faida ambayo watu hukinunulia. Mnunuzi akiikuta kasoro iliyokuwemo kabla hajakabidhiwa kitu, ana haki ya kukirudisha na kupewa fedha zake.

Msingi wa jambo hili ni katazo la kughushi. Imam Muslim amepokea kwa Abu Hurayra (R.A.) habari ya Mtume (S.A.W.) alipopita penye lundo la nafaka, akaingiza mkono, vidole vikakuta umaji. Mwenye mali akajitetea kwamba ni mvua. Akaulizwa kwa nini basi sehemu iliyolowa hakuiweka juu watu wakaiona, kisha Mtume (S.A.W.) akajitenga na mwenye kughushi. Sisi watu wa Singida habari hii hatuhitaji kufafanuliwa sana. Nani kati yetu hajawahi kufungua gunia la alizeti lililo zuri juu na chini, na katikati limejaa mapepe?

Lakini haki hii ina masharti, na hapa ndipo tulipojikwaa sisi wenyewe walimu. Wanazuoni wa Kishafi wanasema hiyari ya aibu ni ya papo hapo. Ukishaijua kasoro, uharakishe kukirudisha kitu kwa kadiri ya desturi. Kama ni usiku husubiri asubuhi, kama uko katika Sala unamaliza Sala. Na ukiendelea kukitumia baada ya kuijua kasoro yake, umekuwa kama mtu aliyeridhika nacho. Wiki zetu tatu za "acha tumalize kwanza" hazikuwa na udhuru wowote. Hata kama tungeweza kuthibitisha kwamba diski ilikuwa na ugonjwa tangu dukani, haki yetu ya kuirudisha kwa hiyari ya aibu tulikuwa tumeidhoofisha kwa mikono yetu.

Kilichobaki ni ile karatasi. Na lazima tutofautishe vitu hivi viwili, maana watu huvichanganya. Hiyari ya aibu inahusu kasoro iliyokuwemo kabla ya kukabidhiwa, na huipati kwa hisani ya muuzaji. Ipo hata kama hakuandika chochote. Dhamana ya dukani ni ahadi ya ziada. Muuzaji au kiwanda kinasema: hata kikiharibika baadaye, ndani ya muda fulani na kwa matumizi ya kawaida, tutakitengeneza au tutakibadilisha. Wanazuoni wengi wa zama zetu hawaoni ubaya katika ahadi ya namna hii, na Waislamu wanatakiwa kusimama katika masharti waliyowekeana. Masharti hayo yanambana muuzaji, na yanakubana wewe pia.

Vipi kuhusu yale maandishi tunayoyaona ukutani, "Mali ikiuzwa hairudishwi"? Kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu, aliyoieleza Imam Nawawi katika Minhaj, muuzaji anayejivua na kasoro zote haokoki ila katika kasoro ya ndani ya mnyama ambayo yeye mwenyewe hakuijua. Kompyuta si mbuzi. Na hata huko kwenye kasoro za ndani, tazameni masahaba walivyokuwa. Imepokewa katika Muwatta ya Imam Malik kwamba Abdullah bin Umar (R.A.) aliuza mtumwa kwa dirham 800 kwa sharti la kutodaiwa kasoro. Mnunuzi akalalamika kwamba ana ugonjwa ambao hakutajiwa. Shauri likafika kwa Khalifa Uthman (R.A.), naye akamtaka Ibn Umar aape kwamba alipouza hakuujua ugonjwa huo. Ibn Umar hakutaka kula kiapo, akakubali kurudishiwa. Baadaye akamwuza kwa dirham 1,500.

Sheria za nchi nazo hazikunyamaza. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka mfanyabiashara anayeuza bidhaa za aina yake azitoe zikiwa na ubora unaofaa kuuzika, isipokuwa kasoro ambayo mnunuzi aliyeikagua bidhaa alipaswa kuiona. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, iliyounda Tume ya Ushindani (FCC), inakataza kumdanganya mnunuzi kuhusu kuwepo au nguvu ya dhamana. Ushahidi wako mkubwa ni risiti. Tangu mashine za EFD zianze kutumika mwaka 2010, risiti hutoka ikiwa na tarehe na jina la duka. Ila karatasi zake hufifia upesi, hasa zikikaa juani, kwa hiyo itoeni nakala siku hiyo hiyo.

Msidhani kuficha kasoro ni tabia ya maduka madogo tu. Mwaka 1994 mwalimu wa hesabu wa Chuo cha Lynchburg huko Virginia, Marekani, Thomas Nicely, aligundua kwamba kompyuta yake yenye chipu ya Pentium ilikuwa inakosea katika baadhi ya hesabu za kugawanya. Kampuni ya Intel yenyewe ilikwisha kuijua kasoro hiyo mwaka huo huo, na haikuwatangazia wanunuzi. Habari ilipoenea, ikasema itambadilishia yule atakayeonyesha kwamba kazi yake inaathirika kweli. Watu wakakasirika. Tarehe 20 Desemba 1994 ikabidi itangaze kumbadilishia kila atakayeomba, na ikatenga dola milioni 475 kwa gharama hiyo. Hili ndilo lundo la nafaka lile lile.

Turudi ofisini kwetu. Kabla ya kumwambia muuzaji kwamba amekuuzia kibovu, hakikisha kibovu ni kipi, maana kumtuhumu mtu bila uhakika nako ni dhuluma. Njia ni kubadilisha kitu kimoja kimoja. Kijana wetu wa darasa la juu, mwenye mkono mwepesi katika mambo haya, alibadilisha waya wa diski kwanza, tatizo likabaki. Akaweka diski ya zamani iliyo nzima, kompyuta ikawaka. Akaiweka ile ngonjwa katika kompyuta nyingine, sauti ikahamia huko. Hapo shaka iliondoka. Kama ingekuwa ni kifaa cha umeme, kompyuta isingewaka hata kwa diski nzima. Anayefanya kazi hii aguse kwanza chuma kisicho na rangi, kwani katika ukavu na upepo wa Singida mwili hubeba umeme mdogo unaoweza kuunguza chipu.

Ila palikuwa na jambo. Karatasi ya dhamana iliandikwa kwamba kibandiko cha boksi la kompyuta kikichanika, dhamana imekwisha. Na kibandiko kilikuwa kimechanika, tena si siku hiyo. Kijana huyo huyo alilifungua boksi mwezi mmoja kabla ili kupuliza vumbi, akaogopa kutuambia. Katika kikao cha kamati mmoja wetu alisema, kwa nia ya kuokoa mali ya madrasa, kibandiko kigundishwe vizuri, hakuna atakayejua. Kimya kilikuwa kirefu. Hatutasema ni nani, na ndugu huyo mwenyewe ndiye aliyeturuhusu tuyaandike haya. Tukajiuliza: tutaifundisha vipi habari ya lundo la nafaka kesho asubuhi, mbele ya kijana yule aliyetuona tukigundisha?

Tukampigia muuzaji simu tukamweleza yote: wiki tatu, kibandiko, vumbi. Akanyamaza, kisha akaomba tumsomee namba zilizoandikwa juu ya diski yenyewe. Alipozilinganisha na daftari lake akasema diski ina kibandiko chake cha kiwandani, kama hicho ni kizima tumpelekee, akipimiwa na kukuta haikuanguka wala kuingia maji, ataibadilisha. Kwa boksi zima hatatoa tena dhamana. Tukaona ni uadilifu.

Jambo la pili lilitukosesha usingizi zaidi ya hilo. Ndani ya diski mlikuwa na majina ya mayatima na wajane wanaosaidiwa na madrasa, pamoja na viwango vyao. Diski inayobadilishwa hairudi kwako. Huenda kwa msambazaji kama ilivyo. Kilichoandikwa humo ni amana, na diski iliyokufa hatuwezi kuifuta. Baadhi yetu walitaka tuipasue kwa nyundo na kusamehe dhamana. Tukaamua kuwauliza wenye habari zao. Tulizunguka nyumba kwa nyumba siku mbili. Mama mmoja wa Mandewa alicheka, akasema, "Ustadhi, huko Dar es Salaam nani ananijua mimi? Pelekeni, watoto wasome." Wote waliridhia. Angekataa mmoja tu, nyundo ingefanya kazi yake, na diski nyingine tungeinunua kwa mchango mpya.

Diski tukaiweka katika ule mfuko wake wa rangi ya fedha unaozuia umeme, tukaizungushia sifongo ndani ya boksi gumu, tukaikabidhi kwa basi na kuchukua stakabadhi ya kifurushi. Nauli tulilipa sisi, kwani dhamana ile haikuitaja. Siku ya kumi na tisa ikaja nyingine, nzima. Muda wake wa dhamana ni ule uliobaki wa ile ya kwanza, si miezi kumi na miwili mipya.

Alama za miaka miwili hazikurudi. Dhamana hulipa diski, hailipi kilichoandikwa juu yake, na hakuna duka litakalokuahidi hilo. Wanafunzi wa darasa la sita walikaa Jumamosi tatu wakiziandika upya kutoka katika madaftari ya zamani ya walimu, na ndiyo sababu matokeo yenu yalichelewa. Siku hizi kila Alhamisi baada ya Alasiri nakala hutolewa katika diski ya nje, ambayo hulala nyumbani kwa katibu, si ofisini.

Zoezi kwa darasa la tano. Mzazi amenunua runinga iliyotumika kwa mtu huko Manyoni. Muuzaji amemwambia, "Sina dhamana, umeona mwenyewe inawaka." Jioni nyumbani, dakika ya kumi ya mpira, mstari mweusi ukatokea katikati ya kioo. Mzazi akatazama mpira mpaka ukaisha, ndipo akapiga simu kudai fedha zake. Je, kauli ya muuzaji imemwokoa? Na je, zile dakika themanini zimeiathiri haki ya mnunuzi? Elezeni kwa dalili, na majibu yafike kwa ustadhi wa fiqhi kabla ya kufungwa kwa muhula.

Wabillahi tawfiq.