Mpango wa Kuhariri Video ya Wimbo

Watu wengi hudhani kwamba kazi ya kuhariri video ya wimbo huanza mtu aketipo mbele ya kompyuta. Sisi wa kwaya ya shule nasi tulidhani hivyo. Muhula uliopita tulipiga picha Jumamosi nzima bila mpango. Jioni tulipozitazama, tuliona nyuso zinazotabasamu tele, lakini ubeti wa pili, unaomsifu mama alipaye ada kwa kuuza mboga, haukuwa na picha hata moja ya kuufaa. Tena mwenzetu aliyeuimba alikuwa anahama shule Jumatatu. Tulibakiwa na Jumapili tu. Usiku ule ndipo tulipojifunza haya.

Kwanza, pima wimbo. Wetu una mapigo 100 kwa dakika, kwa hiyo kila pigo ni sekunde 0.6. Kamera yetu tuliiweka ipige picha 25 kwa sekunde. Basi pigo moja ni picha 15, na fungu la mapigo manne ni picha 60. Wimbo wote, wa dakika 3 na sekunde 12, una mafungu 80. Tuliyagawa hivi: utangulizi 8, ubeti wa kwanza 16, kiitikio 8, ubeti wa pili 16, kiitikio 8, ngoma peke yake 8, na kiitikio cha mwisho 16.

Pili, amua mwendo. Katika beti tulibadili kipande kila baada ya mafungu mawili, ili msikilizaji ayafahamu maneno. Katika kiitikio kila fungu, kwa kuwa hapo wimbo huchangamka. Ubeti mmoja, basi, wahitaji vipande 8.

Tatu, chora. Michoro hii, ambayo watengenezaji wa filamu huiita storibodi, ilitumika katika studio ya Walt Disney huko Marekani tangu mwanzoni mwa miaka ya 1930. Wachoraji waliibandika ukutani ili wote waione hadithi. Si lazima uwe fundi wa kuchora. Gawa karatasi kuwa visanduku, kila kimoja kipande kimoja. Chini yake andika namba, maneno yanayoimbwa, na idadi ya mafungu. Kisanduku kitupu kina faida kubwa, maana huonyesha upungufu kabla watu hawajatawanyika.

Nne, wakati wa kupiga picha, wimbo usikike kwa spika na waimbaji waufuate, la sivyo midomo haitalingana na sauti. Washa kamera sekunde mbili kabla ya kila kipande na uizime sekunde mbili baadaye, upate nafasi ya kukata. Taja namba ya kisanduku mbele ya kamera.

Jumapili tulihitaji vipande 8 tu. Mpishi wetu alikubali kuwa mama. Kuanzia saa nane mpaka saa kumi tulimaliza: mikono ikifunga mchicha, sarafu mezani, daftari jipya, uso wa mwenzetu akiimba. Kwenye kompyuta tulifuata namba tu.

Siku ya wazazi, ubeti ule ulipofika, ukumbi ulinyamaza kimya. Wenzangu mtakaobaki, msiguse kamera kabla ya kushika penseli.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne