Altare Mbili Ndani ya Mtumbwi Mmoja
Somo juu ya 2 Wafalme 17:24-41



Ndugu msomaji, kabla hujaendelea chukua Biblia yako ufungue Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 17, kuanzia aya ya 24. Sura hii haisomwi mara nyingi kanisani, na mafrateri wengi huipitia haraka wakijiandaa na mtihani wa Agano la Kale. Ni hasara, kwa sababu inatueleza sisi watu wa kandokando ya ziwa kuliko tunavyodhani.

Mfalme wa Ashuru ameiteka Samaria na kuwahamisha Waisraeli. Mahali pao ameleta watu wa mataifa mbalimbali, kila kundi na miungu yake. Mara simba wakaanza kuwaua. Habari ikamfikia mfalme kwamba wageni wanaliwa kwa sababu hawajui desturi za Mungu wa nchi ile. Mfalme akatafuta kuhani mmoja kati ya wale waliohamishwa, akamrudisha akae Betheli awafundishe. Wakafundishika. Wakaanza kumcha Bwana kweli. Ila miungu yao hawakuiacha. Wakashika yote mawili, wao na watoto wao, na mwandishi anasema wajukuu nao wakafanya vilevile.

Tunapohubiri juu ya moyo uliogawanyika tunazoea kusema habari za tamaa. Tunamtaja yule fisi aliyeshindwa na njia mbili kwa kuwa alitaka nyama ya huku na ya kule. Bwana wetu mwenyewe anaonya juu ya mali katika Mathayo 6:24, na onyo hilo halijachakaa. Lakini watu wa Samaria walisukumwa na simba. Walimtafuta Mungu ili wasiliwe, na mtu anayemtafuta Mungu kwa sababu hiyo peke yake, siku simba akinguruma tena atatafuta msaidizi wa pili.

Sasa tuondoke Samaria twende mwaloni. Si ajabu, iwe Kirumba hapa mjini au katika visiwa vya Ukerewe, kukuta mtumbwi wenye jina la kumtukuza Mungu ubavuni, rozari imening'inia mbele, na chini ya ubao wa kukalia kitu kilichofungwa kwa kitambaa ambacho hakuna anayekizungumzia. Mwenye mtumbwi ni Mkatoliki na analipa zaka. Ukimuuliza anamwamini nani, atakujibu bila kusita, na hatakuwa anadanganya.

Tusiwe wepesi wa kumcheka. Simba wake ni wa kweli. Ziwa hili lilimeza mamia ya watu MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996 ikikaribia Mwanza, na tena tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ilipopinduka ikiwa karibu kabisa kufika Ukara. Mvuvi wa dagaa anaingia majini usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, kwa taa na mtumbwi wa mbao. Mke wake nchi kavu ana simba wake pia: homa ya mtoto isiyoshuka, mimba zinazotoka, mume asiyerudi. Mahubiri yanayoanza kwa kuwaita watu hao washirikina yamekwisha kuwapoteza kabla ya kufika aya ya pili.

Lakini tusiwadanganye pia. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2116 na 2117, inakataa upigaji ramli wa kila namna, inakataa uchawi hata ule unaodaiwa kuleta afya, na inataja waziwazi uvaaji wa hirizi. Mara nyingi tunafundisha katazo hili kama kanuni ya usafi, kana kwamba Mungu ana wivu tu wa heshima yake. Sura yetu ya 17 inaonyesha jambo zito zaidi. Soma tena aya ya 31. Kati ya wale waliomcha Bwana huku wakishika na miungu yao, kulikuwa na waliochoma watoto wao motoni. Altare ya pili ina gharama, na anayeilipa mara nyingi si yule aliyeijenga.

Hapa kwetu tunajua maana yake. Mpiga ramli hauzi dawa tu, anauza jina. Anakuambia ni nani aliyekufungia riziki. Watu wanaiita ramli chonganishi, na jina hilo limepatikana kwa uchungu. Jina likishatajwa, bibi mwenye macho mekundu kwa sababu amepikia moshi wa kuni na wa mavi makavu ya ng'ombe maisha yake yote anakuwa mchawi wa kijiji. Wazee wangapi wa Usukumani wamekatwa mapanga hivyo! Na tangu miaka ya 2000 ndugu zetu wenye ualbino wamewindwa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, viungo vyao vikitafutwa kwa ajili ya bahati ya machimbo, ya uvuvi na ya vyeo. Januari 2009 serikali ilitangaza kufuta leseni za waganga wa jadi kwa sababu hiyo. Hata hivyo mwaka 2024, wilayani Muleba, mtoto mwenye ualbino ambaye hakuwa ametimiza miaka mitatu alichukuliwa nyumbani kwao na kuuawa. Siyo kila anayekwenda kwa mganga ana damu mikononi, la hasha. Lakini kila anayelipa pesa ili aambiwe jina la adui anaiweka hai biashara ile ile.

Hapo ndipo wengine, kwa bidii, huvuka mpaka upande wa pili na kutaka kuchoma kila kitu cha wazee. Nao hawana haki. Mti shamba ni kiumbe cha Mungu. Tiba asili inatambuliwa na sheria ya nchi ya mwaka 2002, na anayekunywa mizizi kwa ajili ya tumbo hajamkana Kristo. Kumkumbuka babu aliyefariki si kumwabudu. Nendeni Bujora, pale Kisesa, mkaone alichofanya Padre David Clement, Mmisionari wa Afrika kutoka Kanada, kuanzia miaka ya 1950: alama za utemi wa Kisukuma ziliingizwa kanisani zimtukuze Kristo Mfalme, na Sherehe ya Mwili na Damu ya Kristo ikapata ngoma zake katika sikukuu ya Bulabo, yaani maua, ambamo Bagika na Bagalu hushindana kwa kucheza. Ngoma ile haigawanyi moyo wa mtu. Ila mchezaji aliyepakwa dawa ya mvuto ili watu wamkimbie mpinzani wake na kumjia yeye, huyo ana swali la kujibu, hata kama asubuhi alitembea katika maandamano ya Ekaristi. Ngoma ni moja, uwanja ni mmoja, tofauti ni nani anategemewa.

Basi moyo mzima ni nini? Si moyo wenye pendo moja tu na mengine yote yamefukuzwa. Amri kuu katika Marko 12 inataka tumpende Mungu kwa moyo wote, na papo hapo inaongeza jirani. Mtakatifu Augustino alifundisha kwamba fadhila ni mpangilio wa mapendo: kila kitu kipendwe mahali pake.

Mfano wake tunao upande wa pili wa ziwa, na una uhusiano na udongo wetu. Novemba 1882 mapadre wa kwanza waliondoka Buganda wakavuka kuja kusini, na mwaka 1883 wakaanzisha misioni ya Bukumbi, si mbali na Mwanza. Nyuma yao walibaki wabatizwa wachache bila padre, bila Misa, kwa karibu miaka mitatu. Aliyewashika pamoja ni Yosefu Mukasa Balikuddembe, kijana aliyebatizwa mwaka ule ule wa 1882, akifanya kazi katika ikulu ya Kabaka. Hakuacha kazi ili awe Mkristo mzuri. Alimtumikia mfalme kwa uaminifu hata akawekwa juu ya nyumba yake. Na kwa sababu alimpenda mfalme mahali pake, aliweza kumwambia Mwanga kwamba kumuua Askofu Hannington ni kosa. Tarehe 15 Novemba 1885 akauawa yeye mwenyewe, wa kwanza wa Mashahidi Wakatoliki wa Uganda. Mtumishi mwenye moyo nusu angenyamaza.

Mafrateri wapendwa, kuna jambo linalotuhusu sisi kwa namna ya pekee, nalo ni gumu kidogo. Waamini wanatuomba maji ya baraka, chumvi, mafuta, medali. Visakramenti ni vizuri na Kanisa linavilinda. Lakini Katekisimu, namba 2111, inaonya kwamba hata ibada ya Mungu wa kweli inaweza kugeuka ushirikina, mtu akitegemea tendo la nje bila moyo. Rozari inayofungwa kwenye mtumbwi bila kusaliwa hata siku moja imechukua kazi ya kile kitambaa cha chini ya ubao. Padre anayegawa chupa za maji bila neno la kuwafundisha watu amefungua duka pembeni ya duka la mganga, tena la bei nafuu.

Kwa nini basi mganga anapata wateja? Kwa sababu anapokea watu usiku. Anamkalisha mgonjwa, anauliza habari za ukoo mzima, anasikiliza. Ofisi ya parokia ina saa za kufungua. Mpako wa Wagonjwa bado unaogopwa kana kwamba ni tangazo la msiba, kumbe ni sakramenti ya saa ile ile ya simba. Tazameni jinsi Bwana alivyomfuata mama Msamaria, mjukuu wa watu wale wa altare mbili, katika Yohane 4. Alianza kwa kumwomba maji. Mambo ya waume watano yalikuja baadaye, na yule mama hakukimbia.

Kuacha kuna gharama. Katika Matendo 19 watu wa Efeso walioleta vitabu vyao vya uganga vichomwe walikuwa wameshaamini, na Luka anatupa bei: vipande elfu hamsini vya fedha. Mvuvi anayetupa hirizi anaweza kukataliwa na wenzake, wanaoogopa kuingia majini naye. Tajiri wa mtumbwi anaweza kumwambia atafute kazi kwingine.

Kwa hiyo jumuiya zitakazosoma somo hili pamoja zijadili maswali haya mawili, tena kwa kutaja watu na nyumba, si kwa ujumla. Katika mtaa wenu, mtoto wa mtu akizidiwa saa nane usiku, ni mlango wa nani unaojulikana kwamba unagongwa na kufunguliwa? Na mwenzenu akifukuzwa kwenye mtumbwi kwa kukataa kutoa mchango wa mganga, nani atampelekea unga wiki hiyo, na nani wiki itakayofuata?