Je, Nia Njema Inatosha? Tujifunze kwa Brutus



Leo naomba tusome tamthilia. Najua wengine mkisikia neno hilo mnakumbuka mtihani: "Taja sifa tano za mhusika mkuu." Tulia kidogo. Sifa za mhusika tutaziangalia, ila si kwa ajili ya maksi. Tamthilia hii ilinikamata mimi mwenyewe mahali ambapo mahubiri mengi yalikuwa yamepita bila kunigusa.

Ni tanzia ya Julius Caesar, iliyoandikwa na William Shakespeare na kuigizwa London mwaka 1599. Sisi tumebahatika kuwa nayo kwa Kiswahili. Mtumishi wa Mungu Mwalimu Julius Nyerere aliitafsiri, ikachapishwa mwaka 1963, kisha akairekebisha ikatoka tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Ukiipata, isome. Si kitabu kinene.

Nilipokuwa nasoma falsafa tuliigiza vipande vyake siku ya sikukuu ya nyumba yetu. Nikapewa sehemu ya Brutus. Nilifurahi kweli, maana huyo ndiye mtu mwema wa hadithi. Siku ya mazoezi, padre aliyetusimamia akaniuliza, "Frateri, Brutus anamuua Caesar kwa nini?"

Nikajibu haraka, "Kwa sababu anaipenda Roma, padre."

Akasema, "Hayo ndiyo anayoyasema yeye. Wewe umeona nini?"

Nikanyamaza. Sikuwa nimeona kitu. Nilikuwa nimemwamini tu.

Kisa chenyewe kwa ufupi

Caesar amerudi Roma akiwa mshindi, na watu wanampenda mno. Baadhi ya wakubwa wanaogopa atajifanya mfalme. Cassius anakusanya kundi la kumuua, lakini anamhitaji Brutus, rafiki wa Caesar, mtu anayeheshimiwa na wote. Brutus anakubali. Tarehe 15 Machi, mwaka 44 K.K., wanamchoma Caesar visu. Brutus anawaeleza wananchi sababu, nao wanamwelewa. Kisha Antony anapewa nafasi ya kusema juu ya maiti, na mji unawaka moto. Vita vinafuata. Mwisho, Brutus anajiua kwa upanga wake huko Filipi.

Sasa, tutajuaje nia ya mtu kama huyu? Aristotle, katika kitabu chake juu ya ushairi, anafundisha kwamba tabia ya mhusika hujionyesha katika uchaguzi wake: anataka nini, anakataa nini, hasa pale ambapo jambo si rahisi. Basi tumfuate Brutus hatua kwa hatua.

1. Sikiliza anavyojieleza, ila usiishie hapo

Mbele ya watu Brutus ana maelezo mazuri. Hakumchukia Caesar, anasema; mapenzi yake kwa Roma ndiyo yaliyozidi. Na sidhani kwamba anadanganya. Hapa ndipo wengi tunakosea tunaposoma: tunadhani mtu ni ama mkweli ama mnafiki. Kuna mtu wa tatu, yule anayesema ukweli anaoujua, lakini hajaufahamu moyo wake wote. Maelezo yake ni ushahidi mmoja. Si hukumu.

2. Sikiliza wenzake wanasema nini yeye hayupo

Katika sehemu ya kwanza, Cassius anabaki peke yake jukwaani na kusema wazi kwamba Brutus ni mtu bora, lakini hata chuma bora kinaweza kupindwa. Anapanga kumtupia barua dirishani, zenye miandiko tofauti, zionekane zimetoka kwa raia wengi. Baadaye kidogo Casca anatoa siri nyingine: jambo ambalo kwao litaonekana ovu, Brutus akiwemo litaonekana adilifu.

Soma hapo mara mbili. Hawamtaki Brutus kwa sababu ya akili yake. Wanalitaka jina lake. Na Cassius amejua pa kushika. Hakumwahidi pesa wala cheo. Amemwambia, kwa namna yake, "Wewe hujijui jinsi ulivyo mkubwa. Watu wanakutazama wewe." Kila mtu ana mlango wake, jamani. Mlango wa Brutus ulikuwa kuheshimiwa kwake.

3. Angalia mpangilio wa mawazo yake akiwa peke yake

Hii ndiyo sehemu niliyolazimika kuikariri: sehemu ya pili, onyesho la kwanza. Ni usiku, Brutus yuko bustanini, hajalala. Katika tamthilia tunaita maneno haya uzungumzi nafsia, yaani mhusika anajisemea mwenyewe na sisi tunamsikia. Hana wa kumdanganya hapo, isipokuwa nafsi yake.

Anaanza na nini? Anaanza na hukumu: lazima Caesar afe. Kisha ndipo anatafuta sababu. Anakiri kwamba yeye binafsi hajakosewa na Caesar. Anakiri kwamba hajawahi kuona tamaa za Caesar zikiitawala akili yake. Yaani mashahidi wote wawili wanamtetea mshtakiwa! Lakini Brutus hasimami. Anahama kutoka "amefanya" kwenda "anaweza kufanya". Akivikwa taji, huenda akabadilika. Anamfananisha na yai la nyoka, ambalo ni afadhali liuawe kabla halijaanguliwa.

Tuliosoma mantiki tunajua kwamba hitimisho hutoka kwenye hoja. Brutus amegeuza: hitimisho limekuja kwanza, hoja zimeitwa baadaye zije kulihudumia. Ukiona mtu anafikiri hivyo, ujue kuna kitu kingine kimeshaamua ndani yake kabla ya akili.

Hapo hapo mtumishi wake Lucius anamletea barua iliyookotwa dirishani. Maneno yake yamekatwakatwa, hayajakamilika. Na nani anayajazia? Brutus mwenyewe. Anamkumbuka babu yake aliyemfukuza mfalme Tarquin, na anaisoma barua kana kwamba Roma yote inamwita. Cassius ameandika nusu tu. Nusu nyingine imeandikwa na majivuno ya Brutus.

4. Tazama anachochagua

Wenzake wanataka kumshirikisha Cicero; Brutus anakataa, anasema Cicero hawezi kufuata jambo lililoanzishwa na wengine. (Hebu sikiliza nani anasema hivyo.) Wanataka kumuua na Antony, anakataa, na hapo alifanya vizuri kuzuia damu nyingine. Lakini sikiliza na sababu zake: njia yao itaonekana ya kumwaga damu mno. Anataka wafanane na watoa sadaka, si wachinjaji. Anataka macho ya watu yawaite waponyaji. Saa ile ya kumwua rafiki yake, bado anafikiria tutaonekanaje.

Halafu kuna ugomvi wake na Cassius katika sehemu ya nne. Brutus anamlaumu kwa rushwa, na papo hapo analalamika kwamba alimwomba pesa za kulipa askari akanyimwa, kwa sababu yeye mwenyewe hawezi kukusanya pesa kwa njia chafu. Umeiona hiyo? Mikono yake anaitaka safi, lakini pesa anaitaka, hata kama zimepitia mikono ya mwingine.

Kwa hiyo Brutus ni mbaya?

Hapa mabwana wakubwa wenyewe hawakubaliani. Dante, mshairi Mkatoliki wa Italia, katika shairi lake la jehanamu aliwaweka Brutus na Cassius chini kabisa, pamoja na Yuda Iskarioti, kwa kosa la kuwasaliti waliowatendea mema. Shakespeare anafanya kinyume. Anamwacha Antony, adui yake, amsifu Brutus akiwa amekufa: wengine wote walimuua Caesar kwa wivu, huyu peke yake aliwaza mema ya wote.

Tuseme basi Antony yuko sahihi. Tuseme nia ya Brutus ilikuwa njema kabisa. Je, inatosha?

Mtakatifu Thomas wa Akwino anatupa vipimo vitatu vya tendo la mwanadamu, na Katekisimu ya Kanisa Katoliki inavifundisha kuanzia namba 1750: jambo lenyewe unalolitenda, nia unayolitendea, na mazingira yake. Ili tendo liwe jema, yote yanapaswa kuwa sawa. Kimoja kikiharibika, tendo limeharibika. Ni kama uji: unga ni mzuri, sukari ipo, lakini maji ni ya mtaroni. Nani ataunywa? Nia njema haiwezi kukigeuza kisu mgongoni mwa rafiki kiwe sadaka.

Kwa hiyo kuna maswali mawili, na tusiyachanganye. La kwanza: nia yangu ni ile kweli ninayoisema? La pili: hata kama ni ile, je, jambo lenyewe ni halali? Brutus alishindwa yote mawili. Lakini alikuwa mtu mwema, ndiyo maana kisa chake kinauma. Aristotle anasema tanzia haimhitaji mtakatifu wala jambazi, inamhitaji mtu wa katikati anayeanguka kwa kosa lake. Yaani mtu kama mimi na wewe.

Sasa nikwambie kilichonikamata

Kabla sijaingia seminari nilikuwa katibu wa kwaya ya vijana. Mwenyekiti wetu alikuwa kaka mmoja mchapakazi, anapendwa. Michango ya safari ya hija alikuwa anaiweka nyumbani kwake. Wenzangu watatu wakanifuata. "Huyu tukimwacha atakula hela." Nikauliza, "Amekula?" Wakasema, "Bado, ila anaweza. Na wewe ukisema, watu watakusikiliza, maana unaelekea upadre." Wiki nzima simu yangu ikawa inaingia ujumbe: watu hawana imani naye, watu wanakuangalia wewe. "Watu" hao sikuwahi kuwahesabu. Leo najua walikuwa wale wale watatu.

Nilisimama kwenye kikao nikasema vizuri sana. Nilitaja uwazi, nilitaja mali ya Kanisa. Akaondolewa. Nikakaimu nafasi yake mimi. Hesabu zilipokaguliwa hazikupungua hata shilingi mia. Yeye hakurudi tena kwaya.

Kwa miaka mitatu nilikuwa najiambia, "Nilikuwa na nia njema." Mpaka siku ile ya mazoezi, nasema maneno ya yai la nyoka kwa sauti, nikasikia sauti yangu ya kwenye kile kikao. "Bado, ila anaweza." Na nilipojichunguza kwa ukweli, nikakuta kitu kidogo ambacho sikuwahi kukitaja hata kwenye kitubio: nilipenda kuona wanakwaya wanageuka kunitazama mimi.

Niliungama. Padre akanisikiliza, akaniondolea dhambi, kisha akaniuliza kama yule kaka yuko hai. Nikasema yuko hai. Akasema, "Basi unajua njia ya kwake."

Likizo iliyofuata nilikwenda. Nilimkuta kwenye kibanda chake cha kuchomelea vyuma. Nikamwambia, "Kaka, nilikukosea, na nilijua hukuiba." Alizima mashine, akafikiri. Akasema, "Nilijua unajua. Ndicho kilichoniuma." Tulikunywa chai. Kwaya hajarudi, na sikumwomba arudi. Amesema amenisamehe, namwamini. Jina lake nililolichafua bado wapo wanaolikumbuka hivyo, na kila nikienda nyumbani nawaambia mmoja mmoja kwamba nilikosea mimi.

Brutus hakupata nafasi hiyo. Caesar alimrudia kama mzimu tu, usiku hemani, ukijitambulisha kuwa pepo wake mbaya. Sisi tukiwa hai, na tuliyemkosea akiwa hai, njia bado ipo.

Maswali ya kutafakari jioni hii

1. Kuna mtu unayemhukumu kwa sababu ya "anaweza", na si kwa sababu ya "amefanya"?
2. Wanaokusukuma katika jambo fulani, wanaitaka akili yako au wanalitaka jina lako?
3. Katika uamuzi wako wa karibuni, hoja zilikuja kabla ya hitimisho au baada yake?
4. Kama jambo hilo lisingeonwa na mtu yeyote, wala usingesifiwa, bado ungelifanya?

Chukua moja tu. Kaa nalo mbele ya Ekaristi dakika kumi, bila simu. Ukikuta jina la mtu limekujia, usilifukuze.

Tuzidi kuombeana. Na mimi mniombee, maana ule mlango wangu bado upo, najifunza tu kuulinda.

Frateri wenu.